Chini tuko pamoja, juu unanikimbia: mwongozo kamili wa kuongoza kidatu cha sinthesaiza ya analogi kwa kompyuta

Aliyenifundisha kupima sinthesaiza, yaani chombo cha muziki kinachozalisha sauti kwa umeme, bila kifaa chochote ni mzee mmoja mpiga fidla wa Ngamiani, mtu aliyekulia kwenye taarab ya Tanga tangu enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star. Tulikuwa chumbani kwangu Chumbageni, tunarekodi. Kompyuta inaongoza sinthesaiza, yeye anafuatisha kwa fidla. Alirudia kipande kimoja mara mbili, kisha akaushusha upinde.

"Mwanangu, chini tuko pamoja. Juu unanikimbia."

"Nishushe yote kidogo, Mzee?"

"Ukishusha yote, chini utaniacha. Tatizo ni juu tu."

Alikuwa amemaliza uchunguzi wote. Chombo kilichokosea kote kwa kiasi kilekile kinahitaji kutyuniwa tu. Chombo kinachozidi kukosea kadiri unavyopanda kina oktava (umbali wa noti hadi noti ileile ya juu yake) pana mno au nyembamba mno, na hapo hata ukitumia siku nzima kwenye kitufe cha kutyuni hutafika popote. Nimeona vijana wengi hapa mjini wakiilaumu programu, wakaifuta na kuiweka upya, kumbe kosa liko kwenye waya, kwenye joto au kwenye skrubu moja ndani ya sinthesaiza. Mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja na ninakusihi usiuruke: anza na umeme, njoo kwenye vyuma, na programu iwe ya mwisho.

Unaongoza nini hasa

Sinthesaiza ya analogi haijui do wala re. Inachojua ni volteji inayoingia kwenye tundu lake. Osileta, yaani sehemu inayozalisha sauti, hupanda na kushuka kwa kuifuata volteji hiyo. Utaratibu ulioenea kuliko yote, ulioletwa na Robert Moog wa Marekani katika miaka ya 1960, ni volti 1 kwa oktava 1. Ukiongeza volti moja, masafa ya sauti yanakuwa mara mbili: hezi 110, kisha 220, 440, 880. Huku unajumlisha, kule kunazidishwa.

Oktava ina nusu-toni 12, kwa hiyo nusu-toni moja ni milivolti 83.33. Wanamuziki huigawa kila nusu-toni katika senti 100, kama shilingi. Basi senti moja ya muziki ni milivolti 0.83. Iweke namba hiyo kichwani, kwa sababu kila kosa tutakalokutana nalo tutalibadilisha kuwa senti.

Senti ngapi zinavumilika? Vyombo viwili vikishika hezi 440 pamoja na kimoja kikawa juu kwa senti 5, utasikia sauti ikipepea zaidi ya mara moja kila sekunde. Noti zikipita haraka hutaligundua, ila kwenye noti ndefu ya fidla utaligundua mara moja. Lengo langu mimi ni kosa lisizidi senti 3 katika oktava nne. Hizo ni milivolti 2 na nusu tu, na ndiyo maana vitu vidogo vidogo vinaleta balaa.

Kuna utaratibu mwingine, wa hezi kwa volti, unaopatikana kwenye Korg MS-20 na baadhi ya sinthesaiza za zamani za Yamaha za jina la CS. Humo kila oktava inataka volteji iwe mara mbili: volti 1, 2, 4, 8. Ukichanganya mifumo hii miwili, sikio litakwambia. Tuma volti 1 halafu 2, utapata oktava. Tuma 2 halafu 3, utapata kwinti (nusu-toni 7) badala ya oktava. Tuma 3 halafu 4, utapata kwati (nusu-toni 5). Ukisikia hivyo acha kutyuni, nenda kabadilishe mpangilio kwenye sikwensa, yaani kifaa kinachotuma noti kwa mpangilio. Korg SQ-1 na Arturia KeyStep, kwa mfano, zinakuruhusu kuchagua. Buchla wao hutumia volti 1.2 kwa oktava, lakini huku kwetu si rahisi kukutana nazo.

Na kama sinthesaiza yako ni aina ya Roland Juno-106, ambayo osileta zake zinahesabiwa na saa ya kidijitali na inapokea MIDI (lugha ambayo kompyuta na vyombo vya muziki hutumiana noti) moja kwa moja, mengi ya humu hayakuhusu. Kidatu chake, yaani ujuu na uchini wa sauti, kinashikiliwa ndani.

Volteji itatoka wapi

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kununua kigeuzi cha MIDI kwenda volteji, kifaa kinachopokea noti kutoka kompyuta na kutoa volteji pamoja na geti. Geti ni ile volteji inayosema noti imeanza na noti imekwisha. Kwa mtu anayetaka kupiga muziki na hana haja ya kuchomelea, njia hii ndiyo nyepesi.

Ya pili ni kutumia kadi ya sauti. Hapa kuna mtego. Kadi nyingi zina kapasita kwenye njia ya kutokea, iliyowekwa makusudi kuzuia umeme mnyoofu (DC) usifike kwenye spika. Volteji ya noti iliyoshikwa ni umeme mnyoofu, kwa hiyo haipiti. Pima hivi: chomoa spika na hedifoni zote, kwa sababu umeme mnyoofu unaweza kuunguza koili zake. Tengeneza kwenye kompyuta wimbi la mraba la polepole sana, linalokaa juu sekunde kumi na chini sekunde kumi. Weka mita ya umeme kwenye jeki ya kutokea. Namba ikiruka halafu ikayeyuka kurudi sifuri, kadi hiyo haifai. Namba ikisimama pale pale mpaka wimbi ligeuke, unayo kadi inayopitisha umeme mnyoofu. Expert Sleepers ES-8 imetengenezwa kwa kazi hii hasa, na kadi kadhaa za MOTU nazo hupitisha.

Ukitumia VCV Rack, programu ya sinthesaiza ya kwenye kompyuta, kupeleka volteji kupitia kadi, kumbuka kwamba volti 10 za ndani ya Rack ndizo kilele cha kadi. Kama kadi yako kwa kilele hutoa volti 5 tu, basi volti 1 ya kwenye skrini inatoka ikiwa nusu volti. Utasikia oktava imekuwa nusu oktava. Zidisha kwa 2 ndani ya programu kabla ya kutoa, na ujue umebakiwa na volti 5 za kuchezea kila upande wa sifuri.

Njia ya tatu ni kujitengenezea kwa Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu, na chipu ya DAC, yaani chipu inayogeuza namba kuwa volteji. Hii ndiyo niliyoishi nayo muda mrefu, na nitairudia kwa kirefu huko mbele.

Hatua ya kwanza: umeme na ethi

Kompyuta na sinthesaiza zichomeke kwenye ekstensheni moja, yenye ethi ya kweli inayofika ardhini. Nyumba nyingi zina soketi ya matundu matatu ambayo tundu la tatu halijaunganishwa na kitu. Muite fundi umeme aipime. Ardhi ya kompyuta na ardhi ya sinthesaiza zikitofautiana kwa milivolti 4, tayari umeharibu karibu senti 5, na tofauti hiyo haitulii: inabadilika skrini ikiwaka, inabadilika chaja ikichomekwa. Dalili yake ni kidatu kinachotetemeka pamoja na mlio mzito wa umeme. Jaribu kuchomoa chaja ya laptopu na kutumia betri. Sauti ikitulia, umempata mchawi. Usikate mguu wa ethi kwenye plagi ili kuondoa mlio. Watu hufanya hivyo, na wanachoondoa ni kinga ya maisha yao.

Hatua ya pili: joto

Hapa Tanga hatua hii inastahili nafasi kubwa kuliko vitabu vya wenzetu wa nchi za baridi vinavyoipa.

Ndani ya osileta kuna transista zinazofanya ile kazi ya kugeuza kujumlisha kuwa kuzidisha. Kwenye transista hiyo, kila takriban milivolti 18 zinazoongezeka zinaufanya mkondo uwe mara mbili. Shida ni kwamba ile 18 inategemea joto, na inabadilika kwa takriban asilimia 0.33 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kwenye oktava moja hizo ni senti 4. Kwenye oktava nne ni senti 16, kwa nyuzi moja tu ya joto! Watengenezaji wanalijua hili, wakaweka rezista maalumu inayobadilika na joto kufidia, au wakatumia chipu kama CEM3340 inayojifidia yenyewe. Fidia hiyo inasaidia sana lakini haimalizi kila kitu.

Kwa hiyo washa sinthesaiza nusu saa kabla ya kugusa kitu, na ifunike kama itakavyokuwa wakati wa kazi. Usiityuni ikiwa wazi kisha ukaifunika, maana ndani kutapanda joto na kazi yote itakuwa bure. Isiwe karibu na dirisha linaloingiza jua la mchana. Na feni: nilisumbuka wiki nzima wakati wa kaskazi na sauti iliyokuwa inapanda na kushuka taratibu, kama mtu anayepumua. Nilibadilisha waya, nikabadilisha adapta. Mwisho nikagundua inafuata mzunguko wa feni yangu ya kugeuka: upepo ukiipiga sinthesaiza sauti inapanda, feni ikigeukia ukutani sauti inashuka. Nikaihamisha feni, tatizo likaisha palepale. Chumba chenye joto lisilobadilika ni bora kuliko chumba chenye ubaridi wa kuja na kuondoka, hata kama hilo joto ni la nyuzi 31.

Hatua ya tatu: waya, jeki na chumvi ya bahari

Tazama jeki zako kwa tochi. Ukikaa karibu na bahari, shaba inaota kijani na chuma kinaota kutu hata ndani ya nyumba. Tundu la kuingizia volteji kwenye sinthesaiza nyingi lina ukinzani wa takriban kilo-omu 100. Kutu ikiongeza kilo-omu moja njiani, unapoteza karibu asilimia moja ya volteji, ambayo ni senti 12 kwa kila oktava. Tena zinabadilika ukiigusa waya. Safisha jeki kwa spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme na kitambaa kisichoacha nyuzi, uchomeke na kuchomoa mara kumi.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kosa ambalo watu wengi hulifanya bila kujua. Vifaa vingi vinavyotoa volteji vina rezista ya kilo-omu moja mlangoni kwa ajili ya kinga. Ukipeleka kwenye osileta moja, oktava inanywea senti 12, na hilo unaweza kulirekebisha mara moja likaisha. Sasa ukachukua waya wa kugawanya ukapeleka kwenye osileta mbili, ukinzani unakuwa kilo-omu 50, na upungufu unapanda hadi senti 23 hivi. Umeongeza osileta ya pili ili sauti inenepe, badala yake zote mbili zimeshuka! Dawa ni kigawanyi chenye opampu (chipu ya kukuza volteji) ndani, au kutumia njia mbili tofauti za kutokea na kila moja ukaityuni kwa osileta yake.

Hatua ya nne: sinthesaiza yenyewe

Unahitaji kipimo. Mita ya njano ya bei ndogo, ile DT830 inayouzwa kila duka la vifaa vya umeme, haitoshi: kwenye volti 20 namba yake ndogo kabisa ni milivolti 10, yaani senti 12. Lakini kompyuta yako ina kipimo bora zaidi ambacho hukulipia. Kristali inayoongoza kadi ya sauti ni sahihi kiasi kwamba kosa lake kwa kawaida halifiki hata senti moja. Kwa hiyo tutapima masafa ya sauti yenyewe kwa programu yoyote ya kutyuni inayoonyesha senti au hezi.

Andaa hivi. Zima vibrato, portamento (kuteleza kutoka noti hadi noti), na kila kitu kinachoweza kusogeza sauti. Weka gurudumu la kupindisha sauti katikati. Acha osileta moja tu. Chagua wimbi la pembetatu, au funga filta kiasi, kwa sababu programu za kutyuni huchanganyikiwa na sauti yenye makali mengi.

Kama sinthesaiza ina kibodi yake, anza na kibodi hiyo, bila kompyuta. Piga noti ileile katika oktava nne na uandike kwenye karatasi. Siku ile ya Mzee niliandika hivi: volti 1, hezi 110.0. Volti 2, hezi 220.9. Volti 3, hezi 443.6. Volti 4, hezi 890.7. Ukigeuza kuwa senti, makosa ni sifuri, 7, 14, 21. Yanapanda kwa hatua sawa. Hiyo ndiyo maana ya "juu unanikimbia": oktava ni pana mno, na dawa yake ni trima ya skeli, ile skrubu ndogo ya ndani inayorekebisha upana wa oktava.

Ungepata 6, 6, 6, 6, dawa ni kitufe cha kutyuni na hakuna haja ya kufungua chombo. Ungepata sifuri, sifuri, hasi 1, hasi 9, yaani safi chini na kulegea ghafla kule juu, hiyo ni tabia ya osileta nyingi zinazochelewa kidogo kuanza wimbi jipya. Tafuta trima ya fidia ya masafa ya juu kama ipo, usiiguse skeli. Ukipata namba zisizo na mpangilio, rudi hatua ya tatu, kuna kitu kimelegea.

Kugusa trima ni hivi. Kama chombo kina umeme wa ukutani ndani yake na huna uzoefu, mpe fundi, hapo sitanii. Kama kinatumia adapta ya nje, tumia bisibisi ya plastiki, kwa sababu bisibisi ya chuma na joto la vidole husogeza sauti. Piga noti ya chini, ityuni iwe sifuri. Piga oktava moja juu. Ikiwa juu kwa senti 7, geuza trima ya skeli kidogo sana mpaka ishuke. Rudi chini: utakuta na yenyewe imesogea. Ityuni tena, panda tena. Mara tano au sita zinatosha. Oktava moja ikikaa, ruka oktava tatu, maana kosa lililojificha kwenye moja litajitokeza kwenye tatu. Usiharakishe. Mimi hupika chai katikati, kisha nikirudi napima tena kabla ya kuamini.

Hatua ya tano: chanzo cha volteji

Sasa chomeka kompyuta na upime tena noti zilezile. Kibodi ya chombo ikiwa safi na kompyuta ikiwa chafu, kosa sasa liko upande wa kompyuta, na unalijua kwa hakika. Kigeuzi cha kununua mara nyingi kina mpangilio wake wa skeli na mwanzo. Rekebisha hapo, si kwenye sinthesaiza uliyokwisha kuityuni. Ukiwa na moduli isiyo na kibodi, azima mita nzuri yenye tarakimu nne na nusu, inayoonyesha milivolti moja kwenye volti 10. Fundi wa vipimo wa kiwandani mara nyingi anayo.

Kwa anayejitengenezea: usitumie ile pini ya Arduino inayotoa mapigo ya haraka na kuyachuja. Ina ngazi 256 kwa volti 5, kila ngazi milivolti 19.5, ambazo ni senti 23. Huwezi kufanya muziki nayo.

Nilianza na chipu ya MCP4725. Ina ngazi 4096, inatosha, lakini kipimo chake cha rejea, yaani volteji inayopimia ngazi zake, ni umeme uleule unaoilisha. Ukiilisha kwa volti 5 za USB na zikashuka kuwa 4.95 kwa sababu umechomeka simu ichaji, noti iliyokuwa kwenye volti 4 inashuka milivolti 40. Hizo ni senti 48, robo-toni karibu kamili. Nikahamia MCP4822. Yenyewe ina rejea yake ndani, volti 2.048, na ukiiwekea ukuzaji wa mara 2 inafika volti 4.096 kwa ngazi 4096. Kila ngazi ni milivolti moja. Sijawahi kuona hesabu nyepesi kama hiyo: namba unayotuma ndiyo milivolti unazopata, ndani ya kosa dogo la chipu utakalolisahihisha baadaye. Inakupa oktava nne. Ukitaka zaidi weka opampu ya kuzidisha mara 2, ukijua kila ngazi sasa ni senti 2.4.

Kwenye programu kuna mtego ulionipotezea siku mbili. Nusu-toni ni milivolti 83.33. Niliandika 83 na kuzidisha kwa namba ya noti. Noti ya 12 ikatoa 996 badala ya 1000: pungufu milivolti 4, senti 4.8 kila oktava. Nikawa nasahihisha kwa trima kosa lililokuwa kwenye hesabu. Zidisha kwanza, gawanya baadaye: chukua namba ya noti mara 1000, gawa kwa 12, kisha ndipo ukadirie hadi namba nzima iliyo karibu. Hivyo kosa haliwezi kuvuka nusu milivolti popote, na halijilimbikizi. Kwa MIDI, do ya kati ni noti 60 na hezi 440 ni noti 69. Amua noti gani iwe volti sifuri, na mimi huchagua 36.

Hatua ya sita: jedwali la marekebisho

Baada ya yote hayo bado utakuta senti 2 hapa, 3 pale. Sasa ndipo programu inaruhusiwa kusaidia. Pima kila nusu oktava, andika kosa, na uiambie programu itoe kiasi hicho kwenye kila volteji, na katikati ya vipimo viwili ikadirie kwa mstari mnyoofu. Silent Way ya Expert Sleepers hufanya kazi hii yenyewe: inatuma volteji, inaisikiliza osileta, inajitengenezea jedwali.

Sababu ya kuiweka hatua hii mwisho ni kwamba jedwali linashika hali ya chombo ya saa ile. Skeli ikiwa mbaya ndani ya chombo, jedwali litaificha asubuhi, na joto la saa nane mchana litaifichua. Pima upya kila ukianza kurekodi. Ni dakika tatu.

Hatua ya saba: kidatu kitangulie, geti lifuate

Ukisikia kila noti inaanza kwa mlio mfupi wa noti iliyopita, kama mtu anayekohoa kabla ya kuimba, volteji ya kidatu inachelewa kuliko geti. Tuma kidatu kwanza, ngoja milisekunde moja au mbili, kisha fungua geti. Kwenye MIDI ya waya, ujumbe mmoja wa noti huchukua karibu milisekunde moja kupita, kwa hiyo ukipeleka noti nyingi pamoja kwenye waya mmoja, ya mwisho itachelewa. Mpe kila chombo mlango wake ikiwezekana.

Robo-toni

Hapa ndipo volteji inapolipa gharama zake zote. Kinanda cha kawaida kina funguo 12, lakini volteji haina funguo. Katika maqam ya Rast, mojawapo ya mipangilio ya noti za muziki wa Kiarabu, noti ya tatu inakaa kati ya mi bapa na mi. Kwa mfumo wa robo-toni 24 zilizo sawa ni senti 350 juu ya do, yaani milivolti 291.7. Ukiwa na DAC yako mwenyewe, iandike tu.

Ukiwa na kigeuzi cha MIDI, tumia ujumbe wa kupindisha sauti. Una ngazi 16384, katikati ni 8192, na kwa kawaida unafika nusu-toni mbili kila upande. Robo-toni chini ya mi ni 6144. Hakikisha kifaa na programu vimekubaliana juu ya hizo nusu-toni mbili, na utume kupindisha kabla ya noti. Vifaa vingine husoma nusu ya ujumbe tu, hivyo ngazi yao ni senti 3. Pima chako kwa kupindisha taratibu huku ukisikiliza kama sauti inateleza au inaruka.

Mzee aliporudi nilimpigia Rast kwa senti 350. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akachukua fidla na kuipiga noti ile peke yake. Nikairekodi na kuipima: 357. Akaipiga tena baada ya kunywa chai, ikaja 356. Nikaandika 357 kwenye jedwali, milivolti 297.5 juu ya do, na kwa upande wa MIDI 6431. Safari hii tulipofika juu hakuushusha upinde.